Mtoto Haumwi Mgongo Bure

Bi Daktari hakuwa akimtazama mtoto usoni kwanza. Alimtazama miguu. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido ndefu, na mgonjwa alipoitwa, yeye alifungua mlango mwenyewe akasimama kizingitini kungojea. Wazazi wengi walidhani ni heshima, kwamba daktari mkubwa kama yule ametoka kuwapokea. Ilikuwa heshima kweli, lakini uchunguzi nao ulikuwa umeshaanza. Mpaka mtoto anafika na kupewa kiti, Bi Daktari alikwishajua mguu upi unaburutwa, bega lipi limeshuka, na kama ule mkono wa mama umeshikwa kwa mapenzi au kwa kuogopa kuanguka.

Nilifanya kazi chini yake miaka mingi hapa Dubai, kwanza kliniki, baadaye chumba cha upasuaji. Mimi ni nesi, mtu wa Mombasa. Yeye alitoka katika zile familia za Kizanzibari zilizohamia Ghuba zamani, zikazungumza Kiarabu barabarani na Kiunguja nyumbani. Mengine ya nasaba yake siyajui na sikuwahi kumuuliza. Nilichokijua ni kazi yake, nayo ilikuwa kazi ambayo hata madaktari wenzake waliitaja kwa sauti ya chini: kuwapasua watoto wenye uvimbe kwenye uti wa mgongo.

Ni ugonjwa adimu. Daktari wa watoto anaweza kufanya kazi mpaka akastaafu asiuone. Ndiyo maana ukija, mara nyingi hautambuliwi. Mtoto analalamika mgongo, anaambiwa anakua. Anaanza kujikwaa, anaambiwa viatu vikubwa. Bi Daktari alikuwa na neno lake juu ya hilo, na aliwaambia madaktari vijana karibu kila wiki: "Mtu mzima anaumwa mgongo kwa sababu mia. Mtoto haumwi mgongo bure."

Alikuwa mfupi, mwembamba, na ushungi wake ulikuwa mweusi siku zote. Vidole vyake havikuwa virefu kama watu wanavyodhani vidole vya mpasuaji huwa. Vilikuwa vifupi na vipana, vya mtu anayekanda unga. Lakini nikivitazama chini ya ile darubini kubwa ya upasuaji, vikitembea juu ya kitu laini kama ute wa yai, kitu ambacho kikikosewa unywele mmoja mtoto hatembei tena, nilikuwa nasahau kupumua. Sisemi hivi kwa kupamba. Mara moja daktari wa usingizi alinigusa bega akaniambia, "Sista, vuta pumzi."

Na mkono huohuo uliogopa sindano. Kila mwaka wafanyakazi tulipimwa damu, na kila mwaka Bi Daktari alinifuata mimi, asimtake nesi mwingine. Aligeuza uso ukutani, akafumba macho, akanishika mkono wa kushoto akaubana mpaka unauma. "Umeshaanza?" "Bado, Bi Daktari." "Basi usiniambie ukianza." Mtu aliyefungua migongo ya watoto asubuhi ile ile!

Majina ya watu yalimponyoka. Alimwita mkuu wa hospitali kwa jina la mkuu aliyepita, na mimi mwenyewe mwaka wa kwanza nilikuwa "mwanangu wa Mombasa" kwa sababu hakukumbuka naitwa nani. Lakini mgongo hakuusahau. Kijana wa miaka kumi na mitano aliingia siku moja na mama yake, na kabla hawajajitambulisha Bi Daktari akasema, "Wewe ulikuwa na uvimbe pingili ya tatu na ya nne, chini ya shingo, ulielemea kulia. Ulilia ukitaka juisi ya embe." Mama akakaa chini bila kuambiwa.

Alikuwa mcha Mungu. Kabla ya kunawa kwa upasuaji alisimama peke yake akasoma kimyakimya, na hapo hakuna aliyethubutu kumsemesha. Hata hivyo ole wake daktari kijana aliyeulizwa, "Picha ya mtoto itakuwa tayari lini?" akajibu, "Inshallah leo." Bi Daktari alimkata: "Inshallah unamalizia nayo jibu, huanzi nayo. Umempigia simu mtu wa picha au hujampigia?" Na neno khalas, yaani imekwisha, alilipiga marufuku. "Khalas ni neno la dukani," alisema. "Hapa hatumwambii mzazi khalas, hata siku mbaya vipi."

Kwa watoto alikuwa laini kama pamba. Kwa madaktari alikuwa mkali kiasi kwamba mmoja, jitu refu lenye ndevu, nilimkuta chumba cha dawa akijifuta machozi. Kosa lake lilikuwa nini? Alimwambia mama mmoja kwamba hana utaalamu wa kujua kama mwanawe amebadilika. Bi Daktari alimwambia mbele yetu sote: "Huyu mama hajui dawa, lakini anajua jana ilikuwaje. Wewe jana ya mtoto huyu hukuwepo. Muulize."

Ningeweza kueleza tabia zake mpaka kesho, lakini aliyenionyesha Bi Daktari ni nani hasa ni mtoto mmoja aitwaye Nuru.

Nuru alikuwa na miaka saba. Baba yake alikuwa na duka dogo la vifaa vya simu mtaa wa Al Baraha, watu wa Kilifi, na mama yake, Mwanakombo, alikuwa akinyonyesha mtoto mchanga. Walipofika kwetu walikuwa wameshazunguka zahanati kadhaa. Daktari wa kwanza alisema mtoto anakua. Wa pili alisema begi la shule ni zito. Wa tatu, alipoambiwa kwamba Nuru ameanza tena kukojoa kitandani baada ya miaka kadhaa ya kuacha, alitabasamu akamtazama yule mchanga mapajani.

"Nambiwa ni wivu, daktari," Mwanakombo alisema. "Eti amwonea wivu ndugu yake. Lakini huyu nduguye ampenda kama roho yake. Wivu humfanya mtu ashindwe kuinama?"

Bi Daktari akainua kichwa. "Umesema ashindwe kuinama?"

"Ndiyo. Siku hizi hainami. Aokota kitu kama bibi kizee."

Bi Daktari aligeukia meza yake. Alitoa peremende kwenye droo, akaiacha ianguke sakafuni kama kwa bahati mbaya. "Lo! Nuru mwanangu, hebu niokotee."

Nuru aliitazama ile peremende. Hakuinama. Mgongo wake ulibaki umenyooka kama ubao, akakunja magoti polepole, akaishika, kisha akaanza kupanda juu kwa kuweka mkono pajani, akijisukuma. Uso wake haukuonyesha kitu. Alikuwa ameshazoea.

Bi Daktari alimlaza kitandani, akachukua kijiti chembamba akapitisha ncha yake tumboni mwa mtoto, upande wa kulia. Ngozi ikaruka, kama inavyoruka kwa mtu yeyote anayetekenywa. Akapitisha upande wa kushoto. Ngozi ikalala kimya. Akarudia. Kimya.

"Unatekenyeka wewe?" alimuuliza akitabasamu.

"Huku tu," Nuru alisema, akigusa kulia. "Huku kumelala."

Nilimjua Bi Daktari vya kutosha kuona kilichopita usoni mwake, ingawa wazazi hawakukiona. Alitoka nje akaenda kwa miguu yake mpaka chumba cha picha za MRI. Wakamwambia nafasi ipo wiki ijayo. Alivuta kiti akakaa mlangoni pao, akavua miwani akaanza kuifuta. Hakugomba. Alikaa tu pale, daktari bingwa wa hospitali nzima, anafuta miwani, na kila aliyepita alimsalimia na kuuliza kulikoni. Kabla ya adhuhuri Nuru alikuwa ndani ya mashine.

Uvimbe ulikuwepo. Haukuwa pembeni ya uti. Ulikuwa ndani yake, ndani ya ule uzi laini unaopita katikati ya pingili na kubeba amri zote za miguu. Ulikuwa mrefu kama kidole changu cha mwisho.

Bi Daktari aliwakalisha wazazi akawachorea. Siku zote alichora mwenyewe, kwa kalamu ya wino, vibaya sana. Aliwaeleza kwamba uvimbe huu mara nyingi hukua polepole, kwamba ukiachwa utaendelea kuubana uti mpaka miguu izime, na kwamba kuutoa ni kuingia mahali ambapo uvimbe na uti vimeshikana.

Baba Nuru alikuwa mtu wa maneno mengi, muuzaji hodari, lakini siku ile alikuwa na neno moja. "Atatembea?"

"Sijui," Bi Daktari alisema.

"Wewe ndiye bingwa. Watu wote wasema ni wewe. Nambie tu."

"Baba, nikikwambia najua, basi usiniachie mwanao. Anayejua jibu la hilo hayupo hospitali hii. Ninachojua ni kwamba tukikaa hatatembea. Tukiingia, ipo nafasi. Na nikiwa ndani nikaona miguu inaniponyoka, nitasimama. Hilo nakuahidi."

Mwanakombo alikuwa amemwangalia muda wote bila kupepesa. "Mwingie," alisema. "Mimi namuona yuazidi kila siku. Mwingie."

Asubuhi ya upasuaji chumba kilikuwa na baridi kama kawaida. Nuru alilala kifudifudi, nyaya ndogo zimeunganishwa miguuni, mikononi na kichwani, na pembeni alikaa bwana mmoja kutoka Kerala ambaye kazi yake ilikuwa kusoma mawimbi ya mishipa ya fahamu kwenye kioo. Kila mara alituma amri ndogo ya umeme kutoka kichwani mwa mtoto, akatazama kama imefika miguuni. "Imefika," alisema. "Imefika." Sauti yake ilikuwa ndiyo miguu ya Nuru.

Bi Daktari alifungua mgongo, akafika kwenye uti. Chini ya darubini niliuona umevimba, umenyanyuka, unapigapiga na mapigo ya moyo. Aliupasua katikati kwa mstari mwembamba, akaanza kuutoa ule uvimbe kutoka ndani yake wenyewe, punje kwa punje, mpaka ukabaki kama gamba tupu. Saa zilipita. Sisi wa mezani hakuna aliyekaa. Yeye hakubadili hata mguu wa kusimamia.

Halafu bwana wa mawimbi akasema, "Kushoto inapungua." Na mara, "Kushoto imepotea."

Bi Daktari aliinua mikono yote miwili akaiweka hewani. "Simama," alisema. "Kila mtu." Akamwomba daktari wa usingizi apandishe presha ya damu kidogo. Akaniomba maji ya chumvi ya uvuguvugu, nikampa, akayamimina juu ya uti taratibu kama anayemnawisha mtoto mchanga. Akaomba mengine. Kisha akasubiri.

Sijawahi kuona mtu anasubiri namna ile. Mpasuaji amezoea kutenda, mkono wake unamwasha ukikosa kazi. Yeye alisimama mikono hewani, macho kwenye jeraha, midomo ikienda kidogo chini ya barakoa. Hakumuuliza bwana wa mawimbi chochote. Sote tulimtazama yule bwana, naye alitazama kioo chake, na jasho lilimtoka katika baridi ile.

"Inarudi," alisema mwishoni. "Dhaifu. Lakini ipo."

Daktari kijana aliyekuwa msaidizi alisogea kwenye darubini yake. "Kimebaki kipande kidogo tu, madam. Kwenye ukuta wa kushoto. Tukikitoa tumemaliza wote."

"Kidogo kwa nani?" Bi Daktari alimuuliza, bila ukali. "Kwenye picha ni kidogo. Kwa Nuru ni mguu." Akaomba uzi. "Tunafunga."

Niliona kwenye macho ya yule kijana kwamba haelewi. Mimi mwenyewe nusu ya moyo wangu ilitaka akitoe. Mtu amekwenda umbali wote ule, ameuona mwisho, amebakiza hatua moja, halafu anageuka kwa hiari yake! Alipokuwa akivua glovu nje nilimuuliza kama haimuumi. Akasema, "Inaniuma sana, mwanangu. Ndiyo maana nilifunga haraka, kabla mkono haujanishawishi."

Nuru alipoamka mguu wa kushoto haukusogea. Mwanakombo aliukanda, akaubusu, akamtazama Bi Daktari. Baba yake alisema mengi, mengine ya kuumiza, kwamba afadhali angemrudisha nyumbani. Bi Daktari alisimama akayapokea yote. Kisha akasema, "Amri inafika mguuni, nimeiona. Ni mguu ambao bado hausikii vizuri. Tumpe muda." Kila siku kabla ya kwenda nyumbani alipita, akakaa kitandani kwa Nuru, akamwambia ajaribu kumpiga teke. Ulikuwa mchezo wao. Nuru alikunja uso kwa nguvu, mguu ukalala, naye Bi Daktari akasema, "Leo umenikosa. Kesho nitakuja karibu zaidi."

Katika wiki ya tatu kidole gumba kilicheza. Mwanakombo alipiga ukelele, nikadhani kuna msiba, nikakimbia. Nilipofika, Bi Daktari alikuwa amekaa kitandani akikitazama kile kidole kinavyojikunja na kujikunjua, na machozi yakimshuka bila yeye kuyafuta, huku akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Vizuri. Tena. Vizuri."

Ilichukua mazoezi ya miezi mingi. Kipande kilichobaki kilipoanza kukua tena, Nuru alipewa tibakemia, nywele zikamtoka, zikaota upya, na uvimbe ukatulia. Bado anapigwa picha kila mwaka na bado mama yake hali chakula siku ya majibu. Mguu wa kushoto unachechemea akichoka. Lakini anatembea, na baba yake, yule aliyesema maneno, humleta kila mgeni kutoka Kilifi kuiona hospitali kwa nje kama watu wanavyoonyeshwa maghorofa ya Dubai Marina.

Wapo ambao hawakupona, na sitaki kumsifu kwa kuwaficha. Uvimbe mwingine ni mkali, hausikii kisu wala dawa wala mionzi. Mtoto mmoja wa Kitanzania, wazazi wake wakifanya kazi hotelini, alituchukua mwaka mzima na mwisho akafariki. Bi Daktari alikwenda nami mtaa wa Al Barsha, kwenye chumba chao. Waombolezaji walikuwa Wakristo, wanaimba. Yeye alivua viatu, akakaa sakafuni kando ya mama, tasbihi mkononi, mpaka nyimbo zote zikaisha. Tulipotoka nilimuuliza angewezaje kesho yake kuingia tena chumba cha upasuaji. Akashangaa swali. "Kuna mtoto kwenye orodha," alisema.

Alistaafu bila kulazimishwa na mtu, mikono bado ikiwa imara. "Nataka niache mimi," alisema, "nisingoje mkono uniache." Hakutaka sherehe. Aliondoka siku ya Alhamisi, akiwa na mfuko wa plastiki wenye kikombe chake na kandambili.

Sikumwona muda mrefu. Mwaka jana akanipigia simu. "Mwanangu, una gauni la harusi? Nataka unisindikize mahali. Peke yangu siwezi."

Ukumbi ulikuwa Deira, umejaa wanawake, udi unafuka, muziki juu. Bi Daktari alikuwa amezeeka. Mlangoni alisimama akageuka nusu, kama mtu aliyesahau kitu kwenye gari. Nikamshika kiwiko. Ndipo aliponiambia. Bwana harusi alikuwa mgonjwa wake wa zamani, kabla mimi sijaja Dubai. Mtoto wa miaka tisa, uvimbe katikati ya mgongo. "Siku zile hatukuwa na mtu wa kutusomea mawimbi. Niliutoa wote, mwanangu, wote, nikafurahi. Alipoamka miguu yote miwili ilikuwa imekwenda." Alirekebisha ushungi. "Familia yake walihama, sikumwona tena. Sasa wamenitumia kadi. Sijui wananiitia nini."

Tulikaa meza ya nyuma. Hakugusa biriani. Mkoba wake ulibaki mapajani, ameushika kwa mikono miwili.

Kisha ikatangazwa kwamba bwana harusi anaingia upande wa wanawake kumfuata mkewe. Wanawake wakajifunika, milango ikafunguliwa, akaingia: kanzu nyeupe, joho jeusi, kilemba, juu ya kiti cha magurudumu anachokisukuma mwenyewe kwa mikono yenye nguvu. Bibi harusi alikuwa mbele jukwaani. Lakini bwana harusi alipofika usawa wa meza yetu alisimamisha kiti, akakigeuza.

"Shikamoo, Bi Daktari."

"Marahaba," alijibu, na sauti ilikuwa ndogo mno.

"Nilijua utakaa nyuma. Nina swali moja tu, na yule pale ananingoja." Alikuwa anatabasamu. "Siku ile baada ya upasuaji ulimtoa mama nje ya chumba mkazungumza. Ulimwambia nini?"

Wanawake wa meza za karibu waliinamisha shingo kusikiliza. Bi Daktari aliweza kusema hakumbuki, na mtu yeyote angemwamini.

"Nilimwambia ukweli," alisema. "Nilimwambia uvimbe nimeutoa, lakini miguu yako nimeipoteza mimi."

Bwana harusi aliangua kicheko, akapiga goti lake kwa kiganja. "Mama!" aliita kuelekea meza ya mbele, ambako mwanamke mnene mwenye buibui la nakshi za dhahabu alikuwa amegeuka kututazama. "Mama wewe!" Kisha akamgeukia Bi Daktari. "Alirudi chumbani akaniambia, daktari amesema utaoa."

"Sikusema hivyo, mwanangu."

"Najua sasa. Lakini nilikuwa na miaka tisa, na wewe ulikuwa daktari. Nikakuamini."

Akamshika mkono, akaubusu, akauweka kichwani pake. Kisha akakigeuza kiti, akaelekea jukwaani.

Bi Daktari alisimama. Mkoba ulianguka chini, hakuujali. Aliweka kiganja juu ya mdomo, na kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, akapiga kigelegele. Kilianza kwa kukwaruza, kikapasuka katikati, akavuta pumzi akakirudia, kirefu, cha juu, mpaka wanawake wote ukumbini wakageuka kumtazama, kisha wakampokea kwa vigelegele vyao.